Kwa Nini Viti vya Gari la Siraj Si vya Ngozi

S.L.P. 318,
Mbale.
9 Februari 2025

Mpendwa shemeji Shakul,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Mombasa, wewe, Mwanasha na watoto. Je, lile goti lako limepoa? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila jua ni kali na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari.

Huu ni mwezi wa nane tangu kaka yako Siraj atutoke. Saa yake ya ukutani bado inatangulia dakika kumi kama alivyoipenda. Sijairekebisha.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu Mama yenu yuko kwangu wiki hii, na kila ujumbe unaoingia kwenye simu anataka mjukuu wake Mariat amsomee kwa sauti. Hili sitaki alisikie. Umeniuliza mara tatu kwa nini nilikataa ngozi uliyotaka kuleta kwa ajili ya viti vya gari, nami nikababaika. Najua ulitaka gari la kaka yako lipendeze. Yalikuwa mapenzi, na ndiyo maana unastahili jibu.

Gari nililipeleka Jinja, kwa fundi Herbert wa Nalufenya, aliyekuwa akimshonea Siraj viti. Alinipa vipande vitatu, nimevitia humu ndani uvipapase. Cha kijivu ni kitambaa, kama kilichokuwepo. Hakiunguzi juani wala mtu hatelezi kwenye kona, lakini kinakunywa kila kitu, jasho, maziwa, mvua, na harufu haitoki. Cha kahawia ni ngozi yenyewe, ukikinusa utajua. Inadumu na ni laini, ila inataka kupakwa mafuta kama mtoto mchanga, na unyevu ukikaa juu yake huacha alama. Cheusi ni plastiki iliyotengenezwa ifanane na ngozi. Juani ni moto, na ikizeeka hupasuka. Lakini unaipangusa kwa kitambaa kibichi na yamekwisha.

Herbert alinicheka. “Mama Mariat, ngozi ni ya bwana harusi. Kwani wewe unambeba nani?”

Nikacheka naye. Nambeba Mama.

Mwaka juzi Siraj alikuwa akimrudisha Mama nyumbani kwake Busiu kutoka kliniki ya sukari. Walipofika, Mama akakataa kushuka. Siraj akaelewa kwamba mkojo ulikuwa umemshinda njiani. Alifungua chupa yake ya maji, akaimwaga yote juu ya kiti na juu ya suruali yake mwenyewe, akapiga kelele, “Lo! Mama nisamehe, nimekulowesha!” Mama akamjia juu: “Mikono yako tangu utotoni haishiki kitu!” Akashuka huku anagomba, na majirani wakamcheka Siraj. Aliniambia alipokuwa anaosha kiti, akaniomba iwe siri yetu. Wewe ndiye wa kwanza kusikia.

Siraj alipoondoka, Mariat akawa dereva wa bibi yake. Mwezi wa kumi na moja jambo lile likatokea tena, na binti yangu hakujua la kufanya. Usimlaumu, shemeji, alitaka usafi tu. Aliitisha ndoo, sabuni na brashi, akasugua kiti pale uani watu wakiangalia. Mama alisimama mlangoni mpaka akamaliza.

Tangu siku hiyo Mama akawa na visingizio. Leo miguu, kesho kuku hawana mwangalizi. Akakosa kliniki ya Desemba, akakosa ya Januari. Dawa zikamwishia, macho yakaanza kuona ukungu. Nimeshamzika mwanawe, Shakul. Niliogopa kumzika na yeye kwa ajili ya kiti.

Ngozi yako niliifikiria, wallahi. Nilimpa Mama kile kipande cha kahawia akishike. Akanirudishia upesi: “Hicho ni cha wageni.” Nikajua hatakikalia kamwe. Nikamwambia Herbert ashone plastiki kwenye viti vyote vya nyuma.

Jumanne tulikwenda kumchukua. Mama alilizunguka gari, akapapasa kiti. “Hiki kinafuliwa vipi?”

Mariat, ambaye sasa nimekwisha kukaa naye chini, akamjibu, “Hakifuliwi, bibi. Kinapanguswa tu.”

Nami nikadakia kwamba nimeweka plastiki kwa sababu ya magunia ya viazi, maana ngozi ni hasara. Mama akanitazama juu mpaka chini. “Umekuwa bahili hivyo, Nabalayo? Gari la mwanangu unalifanya la viazi!”

Akapanda. Akasema kiti kinaunguza kama kikaango, nikamtandikia leso, na bado akalalamika mpaka tukaingia Mbale. Sijafurahi hivyo tangu msiba.

Daktari amembadilishia dawa na kumpa tarehe nyingine. Mama mwenyewe ndiye anayetukumbusha.

Sasa ombi langu. Atakupigia simu kunishtaki, maana jirani zangu wote amekwisha kuwaambia. Usinitetee, wala usimpe sababu yoyote. Mwambie ulitaka kuleta ngozi, nami nikakataa kwa ubahili wangu. Nisemeni pamoja mpaka mchoke, mradi Jumanne ya kliniki apande gari.

Nisalimie sana Mwanasha, pamoja na Isa mdogo na shangazi Hafsa. Mariat anakuamkia. Mungu awafungulie riziki ya halali, awape afya, na amrehemu Siraj wetu.

Ni mimi shemeji yako akupendaye, bahili wa Mbale,

Nabalayo