Siku ya Kulipua Kilima

Jumatatu, 3 Machi
Bendera nyekundu mkononi tangu asubuhi. Nikiinua tu, magari ya Kakuma yanasimama. Hata la mkubwa fulani lilisimama, dereva akatetemeka. Kilima kinatobolewa, tupate mawe ya barabara. Kitalipuliwa Ijumaa. Watu wanaoishi chini nawatangazia mimi. Dada yangu Akiru anachimba maji ya mbuzi kwenye laga, ule mto mkavu chini ya kilima. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, siku napanga mimi. Injinia hafanyi kitu bila kuniuliza.

Jumanne, 4 Machi
Mpimaji wetu ametusomea kwenye simu. Zamani Wamarekani wakijaribu bomu la haidrojeni baharini, upepo uligeuka. Wakubwa waliambiwa. Hawakuahirisha. Majivu yakaangukia watu visiwani. Nikasema mimi ningeahirisha. Wakacheka. Nikawakumbusha nilivyosimamisha mafuriko ya mto Turkwel kwa filimbi. Wakacheka zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Mawingu mazito upande wa Lokori. Baruti zimeshaingia mashimoni, injinia anaogopa mvua. Ameleta siku mbele. Kesho saa nne. Hakuniuliza. Amesema tu, nenda katangaze.
Nimetangazia wote. Kwa Akiru sikufika. Aibu. Ningeanzaje?

Alhamisi, 6 Machi
Nimefika kwake saa nne kasoro robo. Yuko ndani ya shimo la maji, kichwa tu kinaonekana.
Nikamsalimu, "Ejok, Akiru. Toka. Ni leo saa nne."
"Leo ndiyo kisima imetoa maji! Si siku ni yako, kaka? Waambie Ijumaa."
Nikasema ukweli. Sina siku. Mimi ni wa kushika bendera tu.
Akacheka mpaka akaegemea mchanga. "Hiyo sasa ndiyo uongo yako kubwa kushinda zote."
Nikamvuta mkono. Akauchomoa. Simu haina mtandao. King'ora hulia mara tatu, halafu moto. Kikalia cha kwanza. Nikaingia shimoni kwake, nikainua bendera juu. Kikalia cha pili. Nilijikojolea. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.
Cha tatu hakikulia.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Nimefukuzwa kazi, eti bendera yangu ilizuia mlipuko. Baruti zimelowa ndani ya mwamba. Nyingine labda bado nzima. Hakuna anayethubutu kupanda.

Jumapili, 9 Machi
Laga imejaa maji ya tope. Kilima nakiona kutoka hapa mlangoni, vilevile.
Akiru ameniuliza watalipua lini.
Nimesema sijui.
Safari hii hakucheka. Amekwenda kufungua mbuzi, awahamishe.