Baba Anamletea Maandazi, Mtoto Anajaa Mashavu

Mama mshauri, shikamoo. Sasa hivi Hezekia, mwanangu wa pili, amebandua kipande cha udongo ukutani akakitia mdomoni, nimekitoa kwa kidole wala hakulia, ameniangalia tu kama mtu mzima aliyechoka, kisha akageukia ukuta tena, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu, maana mtoto aliyekwishaanza kukimbia ukimnyang'anya kitu asilie si jambo la kawaida, na ukimya wa namna hii mimi nimeshauona mara moja katika nyumba hii.

Nimesoma mpaka darasa la nne tu, unisamehe mwandiko. Natoka milimani, upande wa juu wa Kilosa, nikaolewa na Lazaro, na barabara ya lami ya kwenda Zambia ilipoisha tukashuka Mikumi, yeye akapata kazi ya upishi katika hoteli moja wanaposimama wenye malori, na tulipohamishiwa vijijini tukapewa kiwanja hapa hapa, tunaishi na mama yake. Shamba tulilogawiwa liko mbali na mvua ya kwanza ilikataa, kwa hiyo chakula cha nyumbani kikawa ugali na mlenda, kesho ugali na mlenda, basi Lazaro alipoanza kurudi na maandazi kwenye gazeti na chai kwenye kopo tuliona Mungu ametukumbuka.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa Agnesi. Nilipopata mimba ya Hezekia Agnesi alikuwa bado ananyonya, mama mkwe akasema maziwa yameshaharibika, mwachishe leo hii hii, nikajipaka pilipili kwenye chuchu kama tunavyofanya, akalia na kulia halafu akanyamaza, na baba yake kwa kumhurumia akawa hatoki kazini mikono mitupu. Ungemwona Lazaro akimlisha yule mtoto, mama. Anachuchumaa, anachovya andazi kwenye chai yenye sukari nyingi, analipuliza, analigusisha mdomoni mwake kwanza asije akamuunguza, ndipo anampa. Agnesi akikataa uji wangu, Lazaro anasema, "Mwache bwana, huyu ameshaonja mjini, hawezi tena mambo ya porini." Nikimwambia mtoto hali hata maharage, anacheka, "Maharage ni ya shule za bweni. Umewaona madereva wa Zambia walivyonona? Wale wanakula kwangu."

Basi Agnesi akajaa mashavu. Uso ukawa mviringo, unang'aa, Lazaro akawa anambeba mabegani mpaka hotelini na madereva wanamfinya shavu, "Mpishi, huyu umempika na nini?" naye anarudi nyumbani ananisimulia huku anacheka peke yake. Mimi pia nilifurahi, nisikudanganye. Nywele zilipogeuka nyekundu nyekundu kama ndevu za mahindi tukasema amerithi kwa bibi. Miguu ilipovimba ndipo tukaogopa, na hapo hatukupewa muda. Tulimzika Agnesi, Hezekia akiwa hajajua hata kukaa.

Katika matanga watu walisema nimembemenda, kwamba mtoto yuko kwenye ziwa nami sikuvumilia, nikalala na mume mpaka nikashika mimba, ndiyo maana akavimba. Mama mkwe alisema mbele ya wanawake wote, "Mwanamume ni mwanamume. Mwenye kunyonyesha ndiye wa kukataa." Lazaro alikaa bila kula mpaka ndugu zake wakaanza kumwogopa, na siku aliyopokea sahani alisema neno moja tu, "Angalau sikumnyima. Kila alichotaka nilimletea." Mama mshauri, hilo ndilo amebaki nalo. Akinywa hulisema, asipokunywa hulisema, kama analala nalo sijui, maana tangu pale mimi nalala chumba cha mama yake kwa amri ya mama yake, mpaka Hezekia akue.

Na Hezekia ameachishwa ziwa juzi juzi, na maandazi yamerudi. Lazaro anachuchumaa vile vile, anapuliza vile vile. Wiki hii ameanza kufurahi kwa sababu mashavu yamejaa, anamwita bwana shamba. Mama mkwe yeye ameona miguu, akanivuta pembeni, "Safari hii umelala na nani? Mwanangu hajakugusa." Nikamwambia mama, mimi nalala ubavuni kwako, akasema, "Mchana je?"

Nikambeba mtoto nikaenda zahanati. Nesi Fausta alimweka kwenye mizani, halafu akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, na alipoutoa kidole shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Akasema, "Huyu hajanona, mama. Huyu amejaa maji." Akaniuliza anakula nini, nikamwambia. Akasema chai na andazi vinamshibisha mtoto bila kumjenga, anataka maharage, karanga, dagaa, mayai, na kwamba kubemenda hakumo katika ugonjwa huu, na nijiandae kwenda hospitali ya wilaya. Alisema mengi mengine ila mimi nilikuwa simsikii tena, nilikuwa naona mashavu ya Agnesi na mikono ya madereva.

Sasa nikilisema hili nyumbani jina langu litasafika, najua, lakini nitakuwa nimemwambia baba mtu kwamba kile alichokuwa anakipuliza kwa upendo ndicho kilichotuondolea mtoto, na mimi mtu yule nampenda, sijawahi kuona mwanamume anayelisha mtoto kama yeye, nikasema heri nibaki na jina la kubemenda kuliko yeye abaki na hilo. Kwa hiyo nafanya kwa siri. Natwanga karanga kwa jirani asikokuwapo mama mkwe, natia kwenye uji, na yai nimejaribu, lakini alinikuta nalichemsha akalichukua, akasema mtoto anayekula mayai hukua mwizi. Jana Hezekia amemeza vijiko kadhaa vya uji wa karanga bila kutema, akanishika kidole, nikasema labda, labda huyu tutabaki naye, lakini baba yake akirudi na kopo mtoto haangalii tena bakuli langu.

Ninachokuuliza ni hiki, je, niendelee kumficha Lazaro, niwe nayatupa maandazi na kumlisha mtoto kimya kimya, au nimwambie, na nikimwambia nianze na neno gani, maana nimejaribu maneno yote hapa jikoni peke yangu na kila ninaloanza nalo linafika kwa Agnesi. Nilifikiri niseme nesi amekataza sukari tu, nisimtaje marehemu, ila Lazaro si mjinga, atakaa kidogo, ataunganisha, halafu sijui atafanya nini. Namsikia huko nje, leo amerudi mapema, anaita, "Mama Hezi, mlete bwana shamba, mwambie leo nimekuja nayo ya moto," na mtoto ameisikia sauti amegeuza kichwa, anacheka mama, kutwa nzima hajacheka, sasa nikimtoa nje na

MAMA SIWEMA ANAJIBU

Barua yako imeishia hapo, haina saini, nadhani uliikunja ukaificha ikaja hivyo hivyo. Si neno. Juu uliandika sanduku la posta la zahanati, kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwanza wewe kwa mkono wa nesi, ndipo nikalipeleka kwa wapiga chapa, na majina yenu nimeyabadili. Gazeti lina zamu yake. Miguu ya mtoto haina.

Marahaba, mwanangu, na pole kwa Agnesi. Sidhani kama kuna mtu katika matanga yale aliyekupa pole bila kukutazama kwa jicho la pili. Yangu ipokee nzima.

Sasa nikugombeze. Unajua kinachomvimbisha mwanao, umeambiwa na mwenye kujua, nawe umekaa jikoni unachagua maneno. Unaiita huruma. Huruma gani inamlinda baba na kumwacha mtoto? Ukinyamaza, Lazaro ataendelea kuchovya na kupuliza, na siku atakapojua, maana atajua, atakuwa na makaburi mawili ya kuyafikiria na mke aliyekuwa anafahamu. Hapo ndipo utakuwa umemuumiza kweli.

Na hilo la kubemenda liondoe mabegani. Kulala na mumeo hakumvimbishi mtoto miguu. Mtoto akikatwa ziwa ghafla, na mahali pa ziwa pakawekwa chai, huvimba, hata mama yake awe mtulivu kama mtawa. Wewe hukumuua Agnesi. Lazaro naye hakumuua. Mlimpa mlichoamini ni kizuri, na hamkuwa peke yenu, siku hizi mtu akila andazi na chai barabarani tunasema ameendelea, na mwenye chungu cha maharage tunamwonea huruma. Mashavu yale yamewadanganya watu wazima wengi, hata madereva waliozunguka nchi nzima. Lakini kutokuwa na kosa kwa Agnesi hakukupi nafasi ya kukosea kwa Hezekia. Wakati ule hukujua. Leo unajua.

Uji wako wa karanga ni mzuri, ila miguu ikishavimba uji wa nyumbani peke yake hautoshi, na kumshindilia mtoto wa hali ile ni hatari. Anatakiwa alazwe. Mpeleke Kilosa, hospitali ya wilaya, siku utakayosoma haya, ukapande chochote kinachokwenda huko. Ruhusa ya mama mkwe usiingoje. Ukirudi naye salama, utampikia maharage mpaka yalainike, uyamenye maganda na kuyaponda, karanga zitwangwe ziwe laini, dagaa wasagwe, na yai apewe. Kidogo kidogo, mara nyingi, tumbo lake ni dogo. Mkweo akileta habari za wizi mwambie ni agizo la hospitali, basi, usimfungulie darasa mwanamke aliyekuzidi umri nyumbani kwake. Mheshimu, halafu mpe mtoto yai. Chai mnywe wakubwa. Na ukijaliwa mwingine, pilipili isiguse titi lako. Mtoto anaachishwa polepole, huku ameshajua kula.

Nimebakiza Lazaro. Umemwandika vizuri mno mumeo, hata mimi nimempenda. Huyo anajua kulisha kuliko wanaume wote nilioandikiwa habari zao mwaka huu, tatizo ni kilichomo mkononi. Usimnyang'anye kazi hiyo. Mchukue aende nawe Kilosa, aombe ruhusa kazini, wodi za watoto huwafundisha wazazi kupika, na mtu anayeshibisha malori hatashindwa na bakuli la mtoto mmoja. Mwambie ukweli kidogo tu kabla hamjatoka: nesi amesema ni maji, si unono, twende. Atakubishia kwa sababu ya yale mashavu. Mbonyeze mtoto mguu mbele yake, aone shimo kwa macho yake.

Na akishaelewa atalia, au atanyamaza kwa namna itakayokutisha. Kaa karibu yake. Usimwambie si kitu, maana ni kitu. Usimwambie pia kwamba ulijua ukamfichia kwa kumpenda, hilo litunze mpaka mtoto awe amepona na mmezeeka kidogo. Na chumba cha mama mkwe utoke, urudi kwa mumeo. Mtu mwenye msiba kama huo halali peke yake.

Umeniuliza uanze na neno gani, maana kila neno linakufikisha kwa Agnesi; acha likufikishe. Hospitalini wakimpokea mtoto humuuliza mama amezaa wangapi na walio hai ni wangapi. Huuliza kila mama. Hakikisha Lazaro amesimama pale pale, hajaenda kutafuta maji wala kufunga mzigo. Sema umezaa wawili. Sema wa kwanza alikuwa binti, aliachishwa ziwa, akala chai na maandazi, akajaa mashavu, akavimba miguu, akafa. Liseme kwa sauti anayoisikia yeye, umshike mkono, halafu unyamaze, umwache mwuguzi aseme lililobaki.