Shikamoo Iliyoniponza

Mbamba Bay, Jumamosi usiku

Sijamwambia mtu: leo jioni sikwenda mazoezi ya kwaya kama nilivyomwambia mama. Nilikwenda kibanda cha video kuona sinema niliyoingoja wiki nzima.

Haikufika hata nusu, wanaume wakadai mpira. Mwenye kibanda akabadilisha. "Dada zangu, vumilieni, ni dakika tisini tu."

Nikatoka nimenuna. Mlangoni, gizani, nikapishana na mzee mmoja. Ningepita kimya asingenijua, lakini mdomo wangu, ambao darasani huwa haufunguki, ukatoa shikamoo wenyewe. Alikuwa mwalimu wa kwaya, katoka mazoezini kafuata mpira.

"Marahaba. Kumbe sauti ya kwanza mnafanyia mazoezi huku?"

Kesho baada ya misa lazima asalimiane na mama. Na hata sijui yule dada wa kwenye sinema aliolewa au...

Tafadhali, daftari langu, wewe angalau usinitaje.