Chupa ya Kupashia Kitanda

Devonport, Jumapili

Kwako mdogo wangu Tamsin,

Huku baridi imewahi, kuku wamegoma kutaga, na mama bado anauliza utakuja lini. Kitabu ulichoandika kuhusu maisha yako kimefika. Nimekisoma chote jikoni mpaka chai ikapoa.

Unakumbuka keki yangu ya mwaka mmoja bila pombe? Nilikualika kwenye kikundi chetu cha walioacha pombe, ukaahidi kama sisi sote kwamba linalosemwa mle linabaki mle. Ndipo nikasimulia nilivyokuwa nikificha divai kwenye chupa ya mpira ya maji moto ya kupashia kitanda, nalala nimeikumbatia, mume wangu akidhani ni baridi.

Ukurasa wa arobaini nimeikuta chupa yangu. Ila umeandika "mimi". Wewe, Tamsin, ambaye glasi moja tu humalizi!

Jana Glenys wa duka la mikate, naye kakisoma kitabu chako, alinishika mikono, machozi yanamlengalenga. "Masikini mdogo wako, kumbe kateseka hivyo! Jasiri yule! Mwambie tunampenda."

Basi nimekufikishia. Ni Glenys yule yule aliyekuwa akifunga mlango wa duka kila akiniona naja nayumbayumba.

Dada yako, mwenye chupa,
Merrin