Nywele za Kuzikwa Machame

Nansha, Guangzhou,
24 Novemba 2022.

Mpendwa mdogo wangu Elisante,

Nakusalimu kutoka ghorofa ya kumi na nne. Goti lako limeacha kuuma? Wifi yangu Bertila, presha yake imeshuka? Mimi ni mzima, kwa kadiri mtu aliyefungiwa ndani kwa ajili ya korona siku ishirini na mbili anavyoweza kuwa mzima. Adabu nimeitimiza, sasa tuzungumze.

Godson, mwanao, alinitumia sauti yako ukisema kwenye mazishi ya mama, mbele ya ukoo mzima: "Dada Judica yuko ufukweni anakula upepo. Bahari ameipenda kuliko kaburi la mama yake." Watu wakacheka. Nimeisikiliza mara tisa. Kisha ukatangaza kwamba kaburi likijengewa Desemba, jina langu halitaandikwa pamoja na majina ya watoto wenzangu.

Bahari hiyo uliitoa kwenye picha niliyokutumia mwezi wa nane. Basi nikusimulie siku moja ya ufukweni kwangu, ya juzi, maana zote ni moja.

Saa kumi na mbili asubuhi kipaza sauti kinatuamsha. Mlango wangu umebandikwa karatasi yenye mhuri, siruhusiwi kuuvuka. Dirisha linafunguka upana wa kiganja, basi. Huo ndio upepo ninaokula. Bahari yenyewe ina rangi ya chai ya maziwa, na meli za makontena zinapita bila kuonekana mtu. Mchana naletewa wali na kabichi. Nasoma. Jioni nasoma kitabu kile kile.

Mama alifariki siku ya sita ya kufungiwa. Siku ya kunyoa nywele za msiba ilipofika, nilijua huko shangazi Dainess ameshika wembe na nyote mmeketi mkingoja zamu. Mimi sikuwa na shangazi. Nilichukua mkasi wa kitambaa, ule nilioununua soko la vitambaa la Zhongda nilipomaliza masomo ya ufumaji yaliyonileta huku, nikajinyoa mbele ya dirisha hilo. Nilijikata sikio.

Kesho yake akaja kijana wa kutupima, amejifunika plastiki nyeupe mpaka machoni.

"Bibi, fungua mdomo. Hee! Kinyozi gani huyo amekufanyia hivi?"

"Nimefiwa na mama."

"Wewe na uzee huo, una mama?"

"Nilikuwa naye mpaka juma lililopita."

"Sasa mbona hukwenda kumzika?"

"Mlango mmeufunga nyinyi."

Aliinamisha kichwa, kijiti chake bado kiko mkononi. Tangu siku hiyo anabisha hodi polepole. Yeye si ndugu wala jirani, na aliona haya. Wewe tuliyenyonya titi moja hukuona.

Barua hii ataileta Simiyu, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa, malango yakifunguliwa. Ndani ya bahasha mna nywele zangu, nyeupe zote. Zifukie upande wa kichwa cha mama, pale kwenye migomba, mbele ya wale wale waliocheka, na uwaambie nilikuwa wapi. Ukishindwa, mpe Godson jembe.

Nisalimie Bertila, na shangazi Dainess, umwambie mkono wake ulinikosa. Godson mwambie asante; na usimguse kwa hili. Mungu akuzidishie umri, akupe na watu wa kukuzika bila mzaha.

Limebaki la jiwe la kaburi. Kwa miaka sitini na tisa, tangu nizaliwe, sokoni, kanisani, hata zahanati, hakuna aliyemwita mama kwa jina la ubatizo. Wewe mwenyewe, ulipotangaza msiba, ulitumia lile ambalo watu wanalijua. Fundi atakuuliza aandike Mama nani. Mjibu.

Dada yako akupendaye, hata leo,

Judica