Kambi Isiyohesabu Watoto

Jumatano, 2 Aprili

Nimeosha vyoo, vyote viwili, nikamwaga jivu. Mfereji wa chini umeanza kuvuja tena. Nimeufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mvua tangu alfajiri, uwanja wa tenti umelowa mpaka karibu na mto. Hakuna mgeni. Katikati ya wiki hawaji, wageni wangu ni watu wa kazi.

Saa tano mtu wa boda akaleta barua ya ofisi ya wenye kambi. Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nikiwa nimekaa. Kambi zisizo na huduma na zisizo na wageni wa kutosha zitafungwa mwisho wa Juni. Yetu ya Theta imetajwa ya kwanza. Watakagua kitabu cha wageni mara ya mwisho baada ya Pasaka.

Naogopa. Sina neno lingine. Miaka kumi na mmoja nimeitunza kambi hii na kulala katika chumba hiki cha getini. Nikifukuzwa hapa sina pa kwenda ila kwa mama mkwe Ngoingwa, ambako tayari wanangu wanalala wakibanana.

Ijumaa, 4 Aprili

Madam Purity wa ofisi amepiga simu. Si mtu mbaya. Anaongea pole pole kama daktari anayekuficha kitu. Amenisomea nakala ya kitabu: Pasaka iliyopita, wageni wanne.

Nikamwambia siku hiyo hapakuwa na pa kuweka mguu. Watoto walijaa uwanjani, wengine walicheza juu ya paa la stoo mpaka nikawafuata na fimbo.

"Lakini kitabu kinasema wanne, Nyambura."

Nimefungua kitabu changu. Ni kweli. Mama Vincent na watu wake. Baba Njeri na nyumba yake. Mwalimu na familia. Kikundi cha akina mama wa Kwihota. Mistari minne. Ofisini wamehesabu mistari, na mstari mmoja kwao ni mtu mmoja.

Kosa ni langu. Hapa tunalipisha kwa tenti, hata mkijazana ndani kama magunia. Kwa hiyo anayelipa anaandika jina, basi. Sijawahi kuuliza mtu ana watoto wangapi. Kwetu watoto hawahesabiwi, kuwahesabu ni kuita kifo. Mbuzi wenyewe hatukuwahesabu kwa sauti, sembuse mtoto wa mtu. Unawataja kwa majina au unanyamaza.

Ningewaeleza vipi hayo watu wa ofisi? Wangenicheka. Mimi ni mtu wa kanisa, ningejicheka pia.

Jumapili, 6 Aprili

Nimetoka ibada nikapitia Ngoingwa. Kamau amerefuka, suruali imepanda. Wambui hakutaka nimsuke, amesema namvuta nywele. Nimefurahi kuwaona na muda wote nilikuwa nawaangalia kama mtu anayeaga.

Nimemweleza mama mkwe habari ya kitabu. Nikamwambia Pasaka hii itabidi nihesabu kila mtu, watoto pia, niandike. Aliacha kuchambua maharagwe.

"Wewe tena? Baada ya yale?"

Akarudi kwenye maharagwe yake.

Niandike, hakuna anayesoma. Mwaka ule karani wa sensa alipokuja nilikuwa na haraka, nikamjibu mbio mbio: watatu. Kufikia Krismasi walikuwa wawili. Kamsichana kangu kadogo, Wairimu. Daktari alisema nimonia. Najua ilikuwa nimonia, nilimsikia akihema. Lakini pia najua nilichosema mlangoni kwa sauti.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimempigia Mama Vincent. Yeye ndiye mgeni wangu wa zamani kuliko wote. Ni mtu wa Vihiga, anashona kwenye kiwanda cha nguo Ruiru, mumewe ni askari wa geti huko Membley. Kila Pasaka na kila Agosti wanakuja na tenti moja iliyoshonwa shonwa, pamoja na Vincent, Mercy, Faith na wale mapacha. Matandiko wanabeba kwa gunia.

Nikamwambia tutafungwa watu wasipoonekana.

"Nyambura, tutakuja. Hata kama ni kulala kwa maji tutakuja. Hizo places zingine wanalipisha kila kichwa, na mimi unajua niko na vichwa mingi. Wacha nipigie watu wa church."

Amepiga. Jioni simu yangu haikutulia. Watu nisiowajua wananiuliza kama kuna kuni kavu. Nimesema ziko. Haziko.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Mto umepanda na maji ni ya rangi ya chai. Yale mawe tunayovukia, matatu tu yanaonekana. Nimefunga kamba ukingoni na kutundika vitambaa vyekundu ili watoto wasipite. Kamba yenyewe ni kuukuu.

Nimeota Wairimu. Sitaki kuandika ndoto hiyo.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Wamekuja. Kufikia saa nane tenti zimetoka getini mpaka chini, nyingine ni karatasi za nailoni tu juu ya vijiti. Moshi kila mahali kwa sababu ya kuni mbichi. Wamenilaumu kwa kuni na wana haki.

Watu wazima wameandika majina yao, kila mtu mstari wake. Hilo halikuwa shida. Ilipofika watoto nilisimama na kalamu katikati ya uwanja na kidole changu kikakataa kunyooka. Walikuwa wanakimbia, vichwa vimelowa mvua, mmoja hana viatu. Nilianza moyoni, moja, mbili, nikaacha. Nikaenda chooni nikakaa huko.

Hapo chooni ndipo wazo lilipokuja. Nisihesabu watoto, nihesabu vikombe. Kesho napika uji. Kila mtoto aje achukue kikombe kimoja kwenye beseni. Vikombe nimevinunua mwenyewe, ni plastiki. Vikombe si watoto.

Nimejiambia hivyo mara nyingi. Sijui namdanganya nani.

Jumamosi, 19 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nimepika uji wa sufuria kubwa. Watoto wamepanga foleni, wamesukumana, wamekunywa. Vilivyotoka kwenye beseni ni vikombe thelathini na vinne. Nimeandika kwenye kitabu: watoto, thelathini na wanne. Nikafunga kitabu haraka. Hakuna lililotokea. Hata jua lilitoka, watu wakaanika blanketi kwenye ua. Mama Vincent akanitania kwamba leo nimekuwa mama wa shule.

Saa kumi nikachemsha chai. Nilikuwa nimeosha vile vile vikombe thelathini na vinne nikavipanga kwenye beseni. Watoto walikuja mbio, maana kulikuwa na mandazi. Foleni ikaisha. Beseni likabaki na kikombe kimoja.

Nilikiangalia tu. Kikombe cha kijani. Nikauliza ni nani hajachukua. Walikuwa wanatafuna. Wazazi walikuwa wanacheka kwenye mioto, kila mmoja akidhani wake yuko kwa mwenzake, ndivyo kambi ilivyo. Nilijua ni mimi. Nilijua kabla ya kujua ni mtoto gani.

Nikapiga kelele watu waite watoto wao kwa majina. Mama Vincent akaita. Vincent akaja, Mercy, mapacha. Faith hakuja. Faith ana miaka sita.

Tulitafuta kwenye tenti, stoo, vyoo. Nilimulika shimo la choo kwa simu, Mungu nisamehe, na sikutaka kuangalia. Halafu mtu akasema kamba imekatika. Tukakimbia mtoni. Maji yalikuwa yanapiga kelele na hakuna jiwe hata moja lililoonekana. Mama Vincent alikaa chini kwenye matope. Mimi nilikuwa nasema, nisamehe, nisamehe, na sikuwa nasema naye.

Mercy ndiye aliyemwona. Faith alikuwa ng'ambo, kwenye shamba la watu la nepia, yale majani ya ng'ombe, amesimama wima na sketi yake ya manjano. Halii. Alikuwa amevuka mchana mawe yalipokuwa bado juu, akifuata mbwa mtoto, halafu maji yakapanda kwa mvua ya huko juu akashindwa kurudi. Tukamfanyia ishara asisogee. Alikuwa ameanza kushuka ukingoni kuja kwetu. Hatua mbili tatu zaidi na angeingia kwenye maji. Tulipiga kelele zote tulizo nazo.

Mkata nepia akasikia, akamshika mkono. Akamzungusha kwa daraja la juu, juu ya baiskeli. Alifika kambini saa kumi na moja na nusu akiwa amelowa na akiuliza kama mandazi yameisha.

Nikamweleza Mama Vincent ukweli wote. Kwamba niliwahesabu. Habari ya Wairimu pia, ambayo sijawahi kumwambia mgeni. Alikuwa anampangusa Faith miguu.

"Na kama hungehesabu," akasema, "tungejua saa ngapi?"

Lakini sijatulia. Kuna sehemu ya tumbo langu isiyosikia maneno ya mtu.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Wameimba, wamekula, wameondoka. Faith alikuwa amefungwa leso kiunoni na leso imefungwa kwa mkono wa Mercy. Kambi ni matope matupu.

Namba bado iko kwenye kitabu. Nimefikiria kuchana ukurasa. Sijachana. Nampigia mama mkwe kila saa kuuliza Kamau na Wambui wako wapi. Amechoka na mimi.

Jumatano, 30 Aprili

Madam Purity amekuja mwenyewe, gari limezama getini na tumelisukuma. Nilikuwa nimepanga nguo zangu kwenye sanduku. Nilisema nikifukuzwa, nisionekane nikihangaika.

Amesoma kitabu ukurasa baada ya ukurasa. Akasoma ule wa Pasaka mara mbili. Akanyanyua macho.

"Watoto thelathini na wanne? Nyambura, kwa nini hukuwahi kutuambia?"

Kambi haifungwi. Amesema hivyo hivyo, wazi. Nilitaka kumkumbatia lakini nilikuwa na matope. Akapiga picha uwanja, mto, vyoo. Akasema mahali penye watu wengi hivi panafaa kujengwa vizuri. Maji moto, ua wa waya, taa. Na utaratibu wa malipo lazima ufanane na kambi zao nyingine.

Nikamuuliza utaratibu gani. Akasema usijali, tutakuandikia.

Nimetoa nguo kwenye sanduku. Nimepika chapati nikala nne peke yangu. Nimefurahi. Halafu nikakumbuka lile neno lake, utaratibu, na sikumaliza ya tano.

Jumatatu, 2 Juni

Mafundi wamemaliza bafu. Maji moto kweli, nimeoga mpaka nikaona haya. Ua wa waya umefika mtoni, hakuna mtoto atakayepita tena. Hilo ni jema na nalisema.

Barua imekuja. Kuanzia Julai malipo ni kwa kila kichwa. Mtoto wa zaidi ya miaka mitatu ni nusu ya mtu mzima. Tenti si kitu tena. Wameniletea kitabu kipya chenye safu ya watoto, imechapishwa tayari.

Nimepiga hesabu ya nyumba ya Mama Vincent kwa siku mbili. Nimeirudia, nikidhani nimekosea. Hakuna mshahara wa kiwanda unaobeba hiyo. Nimempigia Madam Purity. Akasema pole pole kwamba namba zangu mwenyewe ndizo zilizowashawishi.

Sijamwambia Mama Vincent. Ni woga tu.

Jumatatu, 28 Julai

Wiki ya nne ya bei mpya. Wamekuja watu wa Membley na gari mbili, wakauliza kama kuna waifai, wakaondoka. Baba Njeri amepiga simu, nimemtajia bei, akasema asante, tutaonana. Kwa sauti yake najua hatutaonana.

Usingizi ni mbaya. Zamani niliogopa watafunga kwa kukosa watu. Sasa naogopa hivyo hivyo, na maji moto juu yake.

Jumamosi, 9 Agosti

Baridi, mawingu, hakuna mvua. Tenti tatu.

Mama Vincent amekuja saa nne na mapacha tu. Nilichungulia barabarani nikidhani wengine wako nyuma na gunia. Hakuna mtu. Akaona nikichungulia.

"Bei nilisikia kwa church. Hawa ni wa Agosti," akasema. "Vincent, Mercy na Faith ni wa Desemba, Mungu akisaidia. Tumekubaliana kwa nyumba."

Nimefungua kitabu kipya. Mtu mzima, mmoja. Watoto, wawili. Kalamu haikukataa. Nikataka kumwambia aingie nao bure lakini kuna kamera getini siku hizi, na akaona ninachotaka kusema, akatikisa kichwa.

Mapacha wamezunguka uwanja mara mbili, halafu wakaja wakakaa karibu na mama yao. Hawajazoea kuwa wawili. Wakati wote huo yeye ameketi kando ya ua wa waya akiangalia mto, simu mkononi. Kila baada ya muda anampigia jirani Ruiru. Anaomba apewe Vincent, halafu Mercy, halafu Faith, mmoja mmoja, anawauliza kama wamekula. Nimemsikia mara nne. Nimebaki hapa getini na kitabu changu, na hakuna mwingine wa kuandika.