Nyumba Isiyotaka Kamba Darini

“Mtoto hakuuawa na nyumba yangu. Ameuawa na uzembe wa mama yake.”

Mama yangu, shikamoo. Nisamehe kwa kutanguliza maneno hayo kabla ya kukuamkia. Si yangu. Ni ya mkweo Salehe, ameniandikia mwenyewe kwa hati iliyonyooka kama mbao anazopiga randa, na tangu nilipoyasoma sina neno lingine linalotoka kabla ya hilo. Basi yakae hapo juu kila mtu ayaone, kisha tuyabomoe.

U hali gani, Mama? Miguu imepungua kuuma? Mdogo wangu Mhando ameniandikia kwamba tangu msiba hushiki ukindu wala jembe, unashinda ndani na dada yangu Zaina, na kwamba Zaina anakula ukimlisha kama mgonjwa. Namshukuru Mungu kwamba yuko mikononi mwako. Mimi ni mzima wa mwili. Huku Berlin ni baridi, jua linatoka limechoka na kuzama mapema, na kazi yangu ni ile ile: kuwafundisha Kiswahili vijana wa Kidachi wanaojiandaa kuja kututawala. Wanapenda kujifunza kwanza “lete”, na “upesi”, na “nyamaza”. Mimi nawaanzishia “pole”. Wananiuliza maana yake, nawazungusha, hawaielewi, maana kwao neno hilo halipo. Wiki hii sikuweza kuwafundisha. Nilisimama mbele yao, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimekwama na pole yangu mkononi, na aliyestahili kuipokea yuko ng’ambo ya bahari.

Mpwa wangu Mwanaidi sikumwona. Nilipoondoka alikuwa tumboni. Nimemjua kwa barua za Mhando tu: kwamba aliwaamkia kuku shikamoo, kwamba alipenda kubeba vitu kichwani akaenda navyo asikotumwa, kwamba akikasirika alijifunika ungo akasema hayupo. Nilikuwa nimemnunulia kijisanduku cha bati chenye picha ya ndege juu yake. Kiko hapa mezani. Sijui nikipeleke wapi.

Sasa nirudi kwa Salehe, maana hasira inanisaidia kusimama.

Anasema nyumba yake haina kosa. Mimi sikatai kwamba ni nzuri. Hata Mhando, asiyesifu kitu, aliisifu. Matofali, chokaa nyeupe mpaka macho yanauma, dari ya mbao laini isiyojua moshi. Ukutani hakuna msumari. Vyombo vyote vimepangwa kwenye rafu moja ndefu inayozunguka chumba chini kabisa, haifiki kiuno cha mtu mzima, na mbele yake limetiwa pazia la kitambaa cha maua. Watu waliotoka Mashewa na Bungu kwenda gulio la Korogwe walikuwa wakipitia kwanza kuitazama. Wanawake walifunua pazia, wakafunika, wakafunua tena. Kweli ni nzuri. Sijawahi kusema uzuri ni dhambi. Mama, hata wewe vibuyu vyako ulivitia michoro, na majamanda yako ya ukindu mwekundu watu waliyatamani. Lakini ulijua uzuri uuning’inize wapi.

Kwetu mtoto akianza kutambaa, mjomba wake huja kuinua nyumba. Hilo Salehe analijua, alikaa kwetu Sindeni alipokuja kuposa na aliliona likifanyika kwa jirani. Mjomba hufunga darini susu, ule wavu wa kamba wa kutundikia vyombo, huinua uchaga, hupandisha kisu, dawa, chumvi, mafuta, kila kinachoweza kukata au kuunguza au kudhuru tumbo. Chini huachwa kata, vikapu, vifuu, magunzi ya mahindi, vitu vya mtoto. Baadaye watu hula ugali. Hakuna anayehubiri. Ni kazi ya kamba tu.

Mwanaidi alipoanza kutambaa mimi mjomba nilikuwa mbali, kwa hiyo akaenda Mhando, na susu uliyoisuka wewe kwa vidole ambavyo havikunjiki tena. Mhando ameniandikia yaliyosemwa. Salehe aliipokea susu, akaigeuzageuza, akacheka, akamrudishia.

“Mpelekee mama mkwe. Mwambie hapa ni Korogwe. Kamba darini ni za nyumba za washenzi.”

Mhando si mtu wa maneno, lakini siku ile alimjibu: “Mtoto hajui Korogwe wala Sindeni, shemeji. Anajua mkono wake unafika wapi.”

Salehe akamwambia aketi anywe chai, wasiharibu siku. Mhando akanywa chai, akarudi na susu begani, na wewe ukaipokea mlangoni bila kuuliza. Ningekuwepo ningeifunga kwa nguvu na msumari ningeupigia katikati ya ile dari nyeupe. Lakini sikuwepo, na aliyekuwepo ni mdogo, na mdogo hapigani na shemeji nyumbani kwake.

Salehe aliuona wapi mtindo ule? Hakuubuni. Aliuona kwa bwana wake, yule Mzungu wa shamba la mkonge, ambaye yeye ndiye seremala wake mkuu. Rafu ya chini, pazia la maua, ukuta usio na msumari, maji ya kunywa yaliyochemshwa na kutiwa katika chupa zilizopangwa nyuma ya pazia: vyote ni vya bwana yule. Salehe alivichonga kule, akavipenda, akaja kuvichonga kwake. Na alipovipima urefu na upana na unene, kwa akili zake zote ambazo sizikatai, kuna kitu kimoja hakukipima. Bwana yule ana watoto wangapi? Hana mtoto. Hana mke. Anaishi na mbwa na bunduki. Mtu wa namna hiyo anaweza kuweka sumu kwenye sahani katikati ya chumba akalala usingizi mzito. Shemeji yangu ameiga nyumba ya mtu asiye na mtoto, kisha akaingiza humo mke na watoto wawili, na leo anatafuta mzembe.

Anataka kujua uzembe wa Zaina uko wapi? Nitamwonyesha alichokifanya Zaina. Chupa ya mafuta ya taa aliipandisha kwenye kizingiti cha juu cha mlango, mahali pekee pa juu palipobaki katika nyumba ile. Hakufundishwa na mtu. Ni mwanao, Mama, mikono yake inajua. Salehe akaikuta pale. Mafuta yalikuwa yamechirizika kidogo, yameacha alama kwenye chokaa. Akaishusha, akaipangusa, akaiweka nyuma ya pazia mwishoni mwa rafu, na kumwambia mkewe kwamba kila kitu kina mahali pake. Hili silisemi kwa kusikia kwa Zaina tu. Salehe mwenyewe ameliandika katika barua yake, kama ushahidi wa unadhifu wake.

Basi siku ile ilikuwa ya jua kali. Zaina alikuwa uani anamwogesha mwanawe mdogo Abdala, ambaye alikuwa anaanza kujiinua kwa magoti. Mwanaidi alikuwa na kiu. Aliingia ndani, akafunua pazia kama alivyomwona baba yake akifunua kila jioni, akachukua chupa kama alizoziona zikichukuliwa, akanywa. Hakuiba, Mama. Hakufanya utundu. Alifanya kama baba yake. Zaina alisikia akikohoa akadhani amepaliwa na maji. Alipoingia akasikia harufu. Mtoto akakohoa usiku ule wote, akapata homa, pumzi ikawa fupi, na kesho yake haikuisha naye.

Mama ana macho mawili. Siku hiyo yalikuwa juu ya mtoto mwenye sabuni usoni. Salehe anataka awe na mangapi?

Nitakueleza sasa nyumba ninayokaa, maana Salehe anapenda sana kunitajia Wazungu, na mimi ndiye ninayelala kwao. Nimepanga chumba kwa mwanamke mfua nguo, juu kabisa ya jumba refu. Mumewe anafanya kazi kiwandani. Wana watoto wanne, mdogo ndio kwanza anatambaa. Vyumba ni viwili na jiko, watu wanapishana kwa ubavu. Nilipopata habari ya msiba sikuweza kula, nikaketi jikoni kwake, na kwa sababu sikuwa na pa kuyatupa macho niliyatupa juu. Mama, niliona kamba! Kamba darini, zinavutwa juu na kushushwa, nguo zimeanikwa. Kikapu cha mayai kinaning’inia. Magadi makali anayofulia, yanayochubua ngozi, yamo katika ndoo iliyotundikwa kwenye kulabu. Mafuta ya taa yako juu ya kabati, nyuma, mahali ambapo hata mimi huyafikia kwa kupanda kigoda. Nyuma ya mlango ameshona kitambaa chenye mifuko mingi, kila mfuko una kitu chake, kitana, uzi, brashi ya viatu, na amekitarizi maua mekundu pembeni. Chini ya kitanda mna visanduku vya watoto, amevipaka rangi na kuchora juu ya kila kimoja mnyama, samaki wa huyu, sungura wa yule, ili wasiojua kusoma wajue chao na wakirudishe wenyewe. Huwezi kuingia jiko lile ukatoka bila kutabasamu. Ila mimi nilitoka nalia.

Aliponiona natazama aliniuliza kuna nini. Nikamwambia habari yote, kwa Kidachi changu cha vitabuni. Alifuta mikono, akasema, “Chini naweka kile ambacho kikivunjika sitalia.”

Basi. Mwanamke wa Berlin asiyejua Sindeni iko upande gani wa dunia, na wewe usiyejua Berlin, mmepanga nyumba kwa kanuni moja. Nimesoma vitabu vingi, Mama, vya Waarabu, vya Wadachi, vya walioandika juu ya kujenga na juu ya kulea. Sijaona palipoandikwa kwamba ustaarabu ni chokaa isiyo na doa. Ushenzi ambao Salehe aliuogopa darini alikuwa nao kichwani: kuona haya zaidi kwa kitu cha mama mkwe wake kuliko kuhofia tumbo la mtoto wake. Naandika maneno makali na najua utasema, “Mwanangu, punguza.” Sitapunguza. Angekuwa amekosea tu, ningelia naye. Seremala naye ni baba, na najua alimpenda binti yake. Mhando anasema jeneza dogo la kumbebea alilichonga mwenyewe na hakuruhusu mtu amshikie msumeno. Kwa hilo naweza kumwekea mkono begani. Lakini baada ya mazishi alisimama mbele ya watu akamwita dada yangu mzembe, akamrudisha Sindeni kwa miguu na matiti yamejaa maziwa, akambakiza Abdala. Hilo si kosa tena. Hiyo ni hukumu, na sina budi kuikatia rufaa.

Abdala hajaacha ziwa. Nasikia wifi wa Zaina anamnywesha maziwa ya ng’ombe kwa kijiko, na kwamba analia mpaka anakauka sauti. Nasikia pia kwamba sasa anatambaa. Anatambaa ndani ya nyumba ile ile, Mama, kando ya rafu ile ile, na pazia la maua bado liko. Hili ndilo linaloninyima usingizi, zaidi hata ya aliyekufa. Aliyekufa tumeshamkabidhi kwa Mola wake.

Nisalimie Mhando, mdogo wangu, mwambie nampenda na kwamba jibu lake lilitosha, asijilaumu. Nisalimie shangazi yetu wa Kwamsisi anayekuja kukupikia, na bibi jirani aliyemwosha Mwanaidi. Mwambie Mungu amlipe kwa mikono yake. Zaina nitamwandikia peke yake. Leo mwambie tu kwamba kaka yake amesema hakukosa, na amelisema huku mbele ya Wazungu na atalisema huko mbele ya Waswahili. Mwambie ale.

Kuanzia hapa, Mhando, usimsomee Mama peke yake. Nenda na barua hii Korogwe, isome barazani kwa Salehe, watu wakiwapo, polepole, mpaka mwisho.

Kwako wewe, Mzee Mbwana, baba yake Salehe, shikamoo. Na kwako Salehe, shemeji yangu. Najua kwenu Bungu mtoto ni wa baba, sibishani juu ya ukoo. Muulizeni shehe yeyote mtakayemtaka: mtoto anayenyonya hulelewa na nani? Mtajibiwa kabla hamjakaa. Kwa hiyo sikuombeni, nadai. Mleteni Abdala Sindeni. Msimtume mtu, mleteni nyinyi wawili, mchana, njia kuu, watu wawaone, mkamtie mikononi mwa mama yake. Kisha wewe Salehe, kwa wale wale uliowaambia kwamba mke wako ni mzembe, simama tena useme: mtoto alikuwa na kiu, na chupa niliiweka mimi.

Mwanao, kaka yao, na mjomba wa watoto,
Mwalimu Hamisi